Nguzo ya Arobaini na Moja Katika Mji Mkuu wa Sawia

Bi Kazija alipewa siku saba aondoke chini ya nguzo ya arobaini na moja, kwa sababu hakuwemo kwenye bango.

Hilo ndilo lililotokea, na nimeliweka mwanzoni ili msomaji asipate taabu ya kulitafuta. Bi Kazija alikuwa muuza uji. Alikaa mahali pale miaka kumi na tisa, yeye na sufuria yake, jiko lake la mkaa na vikombe vyake vya bati. Hakumtukana mtu, hakuchafua njia, na uji wake ulikuwa mzuri. Nausema kwa uhakika maana niliunywa kila siku niliyokaa kule. Kosa lake lilikuwa moja tu. Bango lilipotundikwa, watu waliitazama picha, wakamtazama yeye, wakaona havilingani.

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma. Niliacha shule darasa la tano baba alipofariki, nikashika nyundo. Nilifikaje nchi ya Sawia si habari ya maana. Niliitwa kazini, nikaenda, ni mbali. Waliniita kwa sababu katikati ya mji wao mkuu pamepangwa upya. Barabara ya magari ilifungwa, wakatandaza vitofali vyekundu, wakapanda miti midogo iliyofungwa kwenye fito, na wakasimamisha nguzo mpya za taa mia moja na ishirini. Kila nguzo ina mikono miwili. Mkono mmoja unabeba taa, wa pili unabeba bango la tangazo la biashara. Kazi yangu ilikuwa mikono ya mabango, maana mabango yenyewe, mengine huu ukiwa mwaka wa pili, yalikuwa yamefungwa kwa kamba tu. Ile ya taa ilichomelewa na fundi mwingine, tena vibaya, lakini sikuulizwa.

Kabla sijaendelea lazima nieleze sheria yao, la sivyo mtu atadhani watu wa Sawia ni wabaya. Si wabaya. Ni watu wakarimu, wana salamu ndefu, na mgeni hanunui maji kwao.

Zamani wafanyabiashara wa Sawia walikuwa wakiongopa sana kwenye nguzo za taa. Mwenye sabuni alichora mtaa mweupe kama maziwa, na chini ya picha yake mtaa ulikuwa mweusi. Mwenye mikate alichora mkate mkubwa kama mto wa kulalia, ukienda dukani unapewa kitu kama ngumi ya mtoto. Watu walichoka, wakaandamana, wakapata sheria. Sheria yenyewe ni fupi na imechongwa kwenye jiwe mbele ya jengo la Baraza: *Bango na mahali lilipo vitafanana.* Niliposomewa nilivua kofia. Kwetu hatuna sheria nzuri kama hiyo.

Ila sheria haikusema kipi kimfuate mwenzake. Na kwa kanuni zao, kubadilisha bango kunahitaji saini saba, kubadilisha mtaa kunahitaji saini moja. Hakuna aliyekaa kitako akapanga iwe hivyo kwa nia mbaya. Waliotunga kanuni waliona bango ni mali ya mtu, kwa hiyo lilindwe. Mtaa si mali ya mtu. Basi tangu siku hiyo, picha na mtaa vikitofautiana, kinachorekebishwa ni mtaa.

Aliyenitembeza siku ya kwanza alikuwa Bwana Haidari, ofisa wa Idara ya Ulinganifu. Ni mtu mwembamba, mpole, mwenye futikamba kiunoni na nakala za mabango yote kwenye mkoba mrefu mgongoni. Anaipenda kazi yake, na mtu anayependa kazi yake simchukii hata akiwa amekosea.

"Nguzo ya nane," aliniambia. "Bango la duka la saa. Unaiona saa ya mnara kwenye picha?"

"Naiona. Saa nne na dakika kumi."

"Sasa tazama mnara."

Nikatazama mnara. Saa nne na dakika kumi. Nikatazama jua, nikaona adhuhuri imekaribia.

"Mmeisimamisha," nikasema.

"Tumeilinganisha," akasema. "Na ina faida zake. Wanaopeana miadi hapa hawachelewi. Huu ni mwaka wa pili hajachelewa mtu."

Nguzo ya kumi na mbili ilikuwa na bango la sabuni. Picha inaonyesha watu wote wamevaa nyeupe, kwa hiyo anayepita hapo huazimwa shuka nyeupe upande huu na kuirudisha upande ule. Nguzo ya thelathini na tatu, mchoraji alidondosha tone la rangi ya manjano kwenye mlango wa fundi viatu. Mlango wa kweli nao una tone la manjano, na fundi viatu hulipaka upya kila mwaka. Nilimuuliza kama linamuudhi. Akasema lilimuudhi mwanzoni, siku hizi watu wanamwita fundi wa tone na kazi zimeongezeka.

Kwenye nguzo ya ishirini na saba kulikuwa na paka. Mchoraji alimchora paka ukutani, mguu mmoja umejificha nyuma ya chungu cha maua, ukihesabu ni mitatu. Baraza lilikaa siku mbili juu ya paka huyo. Nilipouliza kwa wasiwasi waliamua nini, Haidari alinikodolea macho.

"Unatuonaje, fundi? Sisi si makatili. Tulitafuta mji mzima mpaka tukampata paka wa miguu mitatu aliyegongwa na baiskeli. Tukamleta. Analishwa na Idara."

Na kweli alikuwepo ukutani, mnene kuliko paka wote niliowahi kuwaona, na ana sura ya mtu aliyeajiriwa serikalini.

Basi ndivyo walivyo. Nilichomelea mikono yangu, nguzo baada ya nguzo, na kila asubuhi nilianza na uji kwa Bi Kazija.

Bi Kazija ni mwanamke wa miaka sitini hivi, mkubwa wa mwili, mwenye sauti inayovuka uwanja. Alivaa kanga ya zambarau kichwani na nyingine kiunoni. Siku niliyoikuta barua ya Idara imebanwa chini ya sufuria yake, nilimwamkia kama kawaida.

"Shikamoo, Bi Kazija."

"Marahaba, fundi. Kaa unywe, mimi si wa hapa tena."

"Wa wapi?"

"Muulize huyo juu."

Nikainua uso. Bango lake lilikuwa la maji ya chupa, ya mfanyabiashara aitwaye Kitwana. Lilikuwa limefungwa kwa kamba tu, likingoja mkono wangu wa chuma. Picha ilionyesha nguzo ile ile, vitofali vile vile, ukuta ule ule wa benki. Lakini mahali pa jiko palikuwa na benchi jeupe, na juu ya benchi kijana wa kiume na wa kike wanakunywa maji na kucheka. Muuza uji hakuwepo. Jiko halikuwepo. Hata doa la mkaa halikuwepo.

"Shomari mchoraji alikuja kuchora Alhamisi moja tu," akasema. "Alhamisi hiyo nilikuwa mazikoni. Nilimzika shemeji yangu, Mungu amrehemu. Miaka kumi na tisa sijakosa siku, nimekosa siku moja, ndiyo waliyoichora."

"Umewaambia?"

"Nimewaambia. Haidari akaniambia pole kwa msiba, halafu akapima jiko langu na futikamba."

Pembeni alikaa mzee mmoja aliyekuwa hapo kila asubuhi, Mzee Feruzi, mtu wa maneno machache. Alikuwa na tabia ya kunywa uji akiwa ameinua macho kwenye taa.

"Wamempa pa kuhamia," akasema.

"Wamenipa!" Bi Kazija akacheka, lakini si kwa furaha. "Nguzo ya hamsini na nane. Bango la pale lina mwanamke muuza samaki. Msichana, fundi! Kiuno kama mchi. Haidari anasema naruhusiwa kukaa pale nikilingana. Miaka sitini hii, nianze samaki na nianze kupungua."

"Miezi mingapi wamekupa ya kupungua?"

"Nyamaza unywe uji wako."

Nilicheka, naye akacheka, lakini akaendelea kukoroga uji uliokwisha kuiva. Kwa uji ule alikuwa amesomesha wanawe watatu, na wajukuu wawili walikuwa bado nyumbani kwake. Wateja wake ni wasukuma mikokoteni, wafagiaji wa uwanja na makarani wa benki wasioamka mapema. Hao hawatamfuata nguzo ya hamsini na nane. Watu hawafuati uji. Wanafuata njia yao, na uji lazima uwe njiani.

Siku ya tano kati ya zile saba nikafika kwenye nguzo yake na ngazi yangu. Nilikuwa nimeiacha kwa makusudi mpaka mwisho, lakini nguzo nyingine zote zilikuwa zimekwisha. Haidari alisimama chini ahakikishe mkono uko sawa. Nikashusha barakoa, nikachomelea, nikageuza barakoa nyuma ya kichwa ili nione kazi. Halafu nikafungua kamba nilivute bango kwenye mkono mpya. Lilikuwa karibu na uso wangu kama gazeti.

Mtu wa chuma akitazama picha hatazami watu. Anatazama chuma. Nikaitazama nguzo iliyochorwa kwenye picha, nguzo ya arobaini na moja yenyewe. Mkono wa taa ulikuwepo. Mkono wa bango haukuwepo. Bango halikuwepo. Na lingekuwepo vipi? Shomari alichora kabla halijatundikwa.

"Bwana Haidari," nikasema kutoka juu.

"Naam."

"Kwenye picha hii nguzo haina bango."

"Sema tena."

"Nguzo ya pichani ni tupu. Nguzo yenu ina bango. Havilingani."

Haidari aliushusha mkoba mgongoni. Alifungua mkoba, akatoa nakala, akaitazama, akatazama nguzo, akaitazama tena nakala akiwa ameigeuza juu chini, kana kwamba bango limeangukia upande mwingine.

"Shuka," akasema. "Usiguse kitu. Shuka taratibu."

Bi Kazija aliuliza kuna nini. Mzee Feruzi akamweleza. Akatua upawa, akakaa kwenye kigoda chake, akasema, "Hee!" halafu akamjazia Haidari kikombe bila kuambiwa, maana mtu yule alikuwa ametoka jasho.

Baraza liliitishwa siku hiyo hiyo, nami nikaitwa kama shahidi. Ukumbi wao ni mzuri, una feni sita. Wajumbe walikuwa kumi na mmoja. Nitasema waliyoyasema kama nilivyoyasikia.

Mjumbe wa kwanza alisema jambo ni jepesi: sheria inataka mtaa ufuate bango, bango linaonyesha nguzo tupu, kwa hiyo bango lishushwe. Wa pili akauliza, likishushwa, mtaa utakuwa unafuata bango lipi? Wa kwanza akakaa. Wa tatu akakumbusha kwamba tangu mji upangwe upya, nguzo kubaki bila bango ni kosa. Wa nne akasema kwa sauti ya chini kwamba, kama anaelewa vizuri, si nguzo hii peke yake. Mabango yote mia na ishirini yalichorwa kabla ya kutundikwa.

Karani akainua kalamu kwenye karatasi.

Mwenyekiti akasema: "Nguzo isiyotajwa haijakosea. Imetajwa ya ngapi?"

"Ya arobaini na moja," akasema karani.

"Basi tunazungumzia ya arobaini na moja. Na anayetaka kutaja nyingine asimame sasa."

Hakusimama mtu. Mimi nilikuwa nimesimama tangu mwanzo, kwa hiyo nikakaa.

Kitwana, mwenye maji, aliruhusiwa kusema. Ni mtu nadhifu, mwenye haraka. "Mimi nataka bango langu na benchi langu. Huyu fundi alilipwa atundike, hakulipwa asome!"

"Sikusoma," nikamwambia. "Kusoma niliachia darasa la tano. Nilitazama."

Baadhi ya wajumbe walicheka, na kule kicheko cha ukumbini huandikwa kwenye kumbukumbu, kwa hiyo karani akakiandika.

Mwisho waliona hakuna njia ila ile ambayo hawakuwahi kuitumia tangu sheria itungwe: kubadilisha bango. Lichorwe upya, likionyesha nguzo pamoja na bango lake. Saini saba. Sita zilipatikana mle mle ukumbini kabla ya chai. Ya saba, kwa mujibu wa kanuni, ni ya Mtunza Taa.

"Mtunza Taa ni nani?" akauliza mwenyekiti.

Hakuna aliyejua. Tangu taa mpya zianze kujiwasha zenyewe, cheo hicho hakikuwa kimesikika. Haidari alitafuta siku moja na nusu. Alikwenda ofisi ya umeme, akaelekezwa ofisi ya maji, akaelekezwa makumbusho. Siku ya saba asubuhi, siku ambayo Bi Kazija alitakiwa awe ameondoka, alikuja pale kijiweni akiwa na karatasi yenye saini sita. Akakaa, akaomba uji kwa sauti ya mtu aliyeshindwa.

"Unamtafuta nani tangu juzi, mwanangu, mpaka viatu vimepinda?" Bi Kazija akamuuliza.

"Mtunza Taa."

"Si huyu hapa?" Akamwonyesha Mzee Feruzi kwa upawa. "Miaka thelathini alikuwa anapanda nguzo za zamani na tambara na mafuta. Mbona hamkuuliza?"

Haidari akasimama. "Mzee, wewe bado ni Mtunza Taa?"

"Hakuna aliyeniambia si mimi," akasema Mzee Feruzi. "Waling'oa nguzo, wakaweka mpya, nikawa nakuja kuzitazama. Kalamu iko wapi?"

Akasaini polepole, herufi moja moja. Halafu akamrudishia karatasi na kuuliza swali moja. "Siku hizi nani anapangusa vioo vya taa?"

Haidari akatazama juu. Vioo vilikuwa na vumbi kama la unga. "Hakuna," akakiri.

"Ndivyo nilivyoona," akasema mzee, akarudi kwenye uji wake.

Kesho yake Shomari mchoraji akaja na turubai jipya. Ni mtu wa makamo kama mimi, mikono yake ina rangi ambayo haitatoka tena. Aliagizwa achore kitu kimoja tu: mtaa ulivyo siku hiyo, asiongeze, asipunguze. Bi Kazija alikuwepo, kwa kuwa barua yake ilisimamishwa mpaka bango jipya litoke. Na siku hiyo, nawahakikishieni, hakwenda mazikoni wala haja. Alikuja alfajiri akakaa.

Kitwana alileta benchi lake jeupe kwa mkokoteni akalitua karibu na jiko, na vijana wake wawili, na chupa zake. Hakuna sheria inayokataza mtu kuleta benchi. Lakini safari hii uchoraji ulichukua siku tatu, vijana ni vijana, na uji ulikuwa unanukia puani mwao tangu asubuhi. Siku ya pili walikuwa na vikombe vya bati mikononi, na chupa za maji zimesimama chini, kando ya benchi. Shomari akachora alichokiona.

"Wanakunywa nini hao!" Kitwana akapiga kelele.

"Uji," akasema Shomari bila kugeuka.

"Mimi siuzi uji!"

"Maji yako yanaonekana. Yapo hapo chini. Mtu akimaliza uji huwa na kiu."

Kitwana akafikiri. Mfanyabiashara mzuri hujua kufikiri akiwa amekasirika. Akaondoka kimya, na nasikia hadi leo anauza chupa nyingi zaidi nguzo ya arobaini na moja kuliko nguzo nyingine yoyote.

Ugumu ulikuwa kwenye bango lililo ndani ya bango. Maana bango la pichani lazima liwe na picha, na picha hiyo ina nguzo, na nguzo ina bango, na bango hilo nalo. Mjumbe mmoja wa Baraza alikuja kusisitiza kwamba, kwa ajili ya ukweli, liendelee bila mwisho. Shomari akamwonyesha brashi yake ndogo kuliko zote.

"Hii ina unywele mmoja. Unywele ukiisha, ukweli umeishia hapo."

Uliishia kwenye bango la nne. Baraza likaridhika.

Muda wote huo kazi yangu ilikuwa kushikilia turubai la zamani kwenye mkono wa chuma ili Shomari aone ukubwa na mkunjo. Nilikuwa kwenye kidato cha tatu cha ngazi, mgongo kwa mchoraji, nikipiga soga na Bi Kazija, kikombe changu kimejaa nimekiweka chini ya ngazi kipoe. Sikufikiri zaidi ya hapo. Nilikuwa nimekaa kule wiki kadhaa na bado sikuwa nimejifunza.

Bango jipya likatundikwa. Lilipendeza. Bi Kazija yumo, mkubwa, upawa juu, mdomo wazi anacheka. Kila aliyepita alilitazama, akamtazama yeye, akaona vinalingana, akampa mkono. Aliimba, nadhani. Sauti ile hata akiongea ni kama anaimba.

Nikakusanya vifaa vyangu niende nyumbani. Nilikuwa nimekwisha kulaza ngazi begani Haidari alipotokea, futikamba kiunoni, na huzuni ya kweli usoni.

"Fundi, unakwenda wapi?"

"Kwetu. Kazi imekwisha."

"Haiwezekani," akasema. "Umo."

Nikageuka. Ni kweli, nilikuwemo. Mgongo wangu, ovaroli yangu ya bluu, barakoa imegeuzwa nyuma ya kichwa, na kandambili ya kushoto yenye waya.

"Ndugu yangu Haidari, nina mke. Nina nyumba haijapauliwa."

"Najua. Nimekuombea mapumziko ya adhuhuri. Na bango hukaa miaka minane tu, halafu hupauka."

Nilisema maneno ambayo karani angeyaandika kama angekuwepo. Nilimwambia mimi si paka. Haidari alinisikiliza yote, akasema ananielewa, na hakusogea njiani. Nilihesabu saini saba kichwani, nikakumbuka ni siku ngapi zilichukua, nikaona nitazeekea kwenye kidato cha tatu.

Aliyenitoa ni Bi Kazija. Alikuja, akasimama katikati yetu, mikono kiunoni, akainua uso kwenye bango akalitazama kwa muda mrefu.

"Haidari, mwanangu. Uso wa fundi uko wapi hapo?"

"Hauonekani. Ametupa mgongo."

"Basi aliyechorwa ni nani?"

"Ni fundi."

"Ni ovaroli," akasema. "Ni ovaroli, na hilo dude la kichwani, na ngazi, na kandambili mbovu. Mimi nimechorwa sura, mimi siponyoki. Huyu kachorwa nguo. Avue nguo aende zake."

Haidari akatoa nakala. Akapima mgongo wa pichani, akapima wangu. "Lazima awemo mtu ndani ya ovaroli," akasema. "Mtu wa urefu huu huu."

Mzee Feruzi alikuwa amekwisha simama. Alifuta mdomo, akaja, akaweka kiganja kwenye ngazi kama mtu anayemshika ng'ombe wake aliyerudi.

"Kidato cha tatu?" akauliza.

"Cha tatu," akasema Haidari. "Kuanzia saa mbili hadi adhuhuri."

"Nikiwa pale, mkono wangu unafika kwenye kioo cha taa?"

Haidari akakadiria. "Ukiwa na tambara kwenye fimbo, unafika."

"Mtu akishika tambara picha itaharibika?"

Haidari alitazama bango, akamtazama mzee, akatazama kile kioo chenye vumbi. Halafu akafanya kitu ambacho sikukitegemea kwake. Akakunja nakala, akairudisha mkobani.

"Mkono wa kulia umefichwa na turubai," akasema. "Haujulikani umeshika nini."

Basi mzee akavaa ovaroli yangu, ikamkaa kidogo pana, akapanda. Nilipoondoka alikuwa anapangusa. Kioo cha nguzo ya arobaini na moja kilikuwa kimekwisha kuwa cheupe, na alikuwa anakitazama cha arobaini na mbili kama mtu anayepanga safari.

Niliridhika, na wao waliridhika, na sina la kulalamika. Lakini mtu akiuliza iligharimu nini, nitamhesabia.

Kwa Bi Kazija, kanga zote zisizo za zambarau, ambazo aliwagawia dada zake. Kucheka mdomo wazi kila ofisa anapopita, hata siku ya maumivu ya jino. Mazishi yote ya asubuhi, kwa miaka minane.

Kwangu, ngazi moja ya chuma ya vidato kumi na viwili, niliyoichomelea mwenyewe. Barakoa moja. Ovaroli moja. Kandambili mbili, maana moja ndiyo iliyochorwa lakini ya pili peke yake ningeifanyia nini. Siku kumi na moja zaidi ya nilizomwahidi mke wangu. Nilirudi peku.

Na uji. Kwenye picha kikombe changu kilicho chini ya ngazi kimejaa. Kwa hiyo kila asubuhi Bi Kazija hukijaza mpaka ukingoni, akakiweka pale pale, na haruhusiwi mtu kukinywa hadi adhuhuri, ukishapoa kabisa. Hapo hupelekewa paka wa miguu mitatu, kule kwenye nguzo yake. Kikombe kimoja kwa siku.